Tumbo Lililogoma

Jumatatu, 4 Machi

Daftari jipya. Jalada la bluu, kurasa za mistari. Nimelinunua kwa ajili ya mavi yangu. Miaka ishirini na tatu, cheti cha ualimu ukutani, na sasa hili!

Nilimpigia daktari saa mbili kamili asubuhi, mara tu walipofungua laini, nikiwa kwenye banda la baiskeli la shule. Huko hakuna masikio, nilidhani. Ukipiga hupewi daktari. Unapewa msaidizi, na msaidizi lazima ajue kila kitu kwanza. Shida nini? Tumbo. Tumbo vipi? Halifanyi kazi. Halifanyi kazi vipi — unahara au hupati choo? Nikanong'ona: sipati. Samahani, sikukusikia? SIPATI CHOO! Nikageuka. Geesje amesimama na kufuli la baiskeli mkononi. Geesje wa darasa la jirani, ana miaka hamsini na minane na habari za nusu ya mji wa Meppel. Akajifanya anatafuta ufunguo.

Miadi sikupewa. Niandike kwanza wiki mbili: siku, saa, umbo, nilichokula, nilichokunywa. Nile mboga, ninywe maji, ikizidi nipige tena. Ikizidi! Mimi hii ninayo tangu nina miaka tisa.

Amenitumia ukurasa wenye picha saba, kuanzia kokoto hadi maji matupu. Mimi ni picha ya kwanza. Hiyo ni siku nikibahatika.

Leo: hakuna. Siku ya tano.

Jumatano, 6 Machi

Hakuna. Siku ya saba.

Msaidizi anataka pia "mazoea ya kila siku". Haya. Naamka saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na nusu niko juu ya baiskeli, mkate wa jibini mdomoni. Saa mbili na nusu kengele. Watoto ishirini na sita, wa miaka minne hadi sita, na mimi peke yangu. Wakicheza uwanjani nawasimamia. Wakila mchana nakula nao — mkate tena. Choo cha walimu kiko ndani ya chumba cha walimu, ng'ambo ya uwanja, hatua mbili kutoka mashine ya kahawa. Mlango wake ni kama karatasi. Ukichana karatasi ya choo humo ndani, walioko nje wanajua umechana vipande vingapi.

Watoto wamewekewa utaratibu mzuri. Mwenye haja anavaa shanga nyekundu zilizotundikwa mlangoni, anakwenda, anarudi, anazitundika. Haombi ruhusa kwa mtu. Kila Jumatatu nawakumbusha: mwili ukiita, itika! Mnafiki mkubwa mimi. Nabana tangu kengele hadi kengele, huku natabasamu na kukata vipepeo vya karatasi. Kufa na tai shingoni, ndiko huku.

Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja. Kabla ya likizo ya Mei, Wubbo, mwalimu mkuu, ataniambia kama nabaki. Nataka kubaki. Naandika humu kwa sababu humu hasomi mtu: nataka kubaki kuliko ninavyotaka kunya. Basi.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya tisa. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Ni kwa sababu hawakukaa nayo tumboni siku tisa.

Mama amepiga simu. Sikumwambia, lakini Mama husikia kwenye sauti. Kula plamu kavu, akasema. Kula pumba za ngano. Kunywa mtindi. Tena wewe hujikazi tu, Roelien. Nikala vijiko sita vya pumba ndani ya bakuli la maziwa mgando, nikalala nazo. Sasa nina tumbo la mimba ya miezi mitano na sina wa kumsingizia.

Nimekumbuka ilikoanzia. Kila kiangazi tulikwenda Ufaransa na karavani, kile chumba cha kukokotwa na gari, Baba, Mama na mimi. Vyoo vya kambi vilikuwa mwisho kabisa, na karatasi unakwenda nayo mwenyewe. Kwa hiyo unapita katikati ya kambi nzima na roli la karatasi kwapani, watu wamekaa mbele ya mahema yao na glasi za mvinyo, wanakusalimu. Safari njema! Usisahau kurudi! Kila mtu alicheka, Baba alicheka zaidi ya wote. Mimi nilikuwa na miaka tisa nikaamua siendi. Nikakaa siku kumi na moja. Wala hakuna aliyeona ni ugonjwa. Mama alinisifia kwa majirani wa karavani: "Huyu wangu hana usumbufu hata chembe."

Miaka kumi na minne nailinda ile sifa.

Jumatatu, 11 Machi

Imetoka! Saa tano na dakika kumi. Picha ya saba — maji. Lakini imetoka bila ruhusa yangu, nikiwa nimepiga magoti kumfunga Pien kamba za viatu. Pien ana miaka mitano na pua kali. "Mwalimu, kuna mtu amejamba." Nikasema labda ni mabomba. Nikamaliza siku na sweta nimelifunga kiunoni.

Sasa nahara! Basi kumbe ni kirusi tu, na kirusi hupita. Nimepitia duka la dawa baridi, nimenunua vidonge vya kuzuia kuhara. Muuzaji hakuniuliza kitu. Nimemeza viwili.

Jumanne, 12 Machi

Yametoka tena kidogo, mara mbili. Vidonge viwili vingine. Jioni pakavu. Nimejisikia mjanja.

Alhamisi, 14 Machi

Mjanja! Mjinga wa kupindukia.

Saa tisa za usiku nilikuwa sakafuni bafuni natapika nyongo. Asubuhi nilipiga simu nikalia, na machozi yakafanya ambacho daftari halikufanya: saa nne nikawa kwa daktari. Dakika kumi, tatizo moja, limebandikwa hivyo mlangoni.

Daktari ni mama mtu mzima, mikono baridi. Akabonyeza tumbo chini kushoto, akabonyeza juu yake, akaendelea kupanda. "Umejaa mpaka hapa," akasema, kidole kiko karibu na mbavu. Nikamwambia lakini nilikuwa nahara, hata nimemeza vidonge. Akaweka kalamu chini. Kile si kuhara, akasema. Kigumu kimeziba njia, kwa hiyo maji ya juu yanapenya pembeni. Na wewe ukaenda ukaziba hata hako kapenyo. Na zile pumba bila maji — hizo ni saruji.

Akauliza kama nimewahi kuona damu. Ndiyo, tangu chuoni. Ulimwambia nani? Sikumwambia mtu. Nilidhani ni saratani, nikaona bora nisijue. Akavaa glavu. Hapo siandiki. Ni mchaniko mdogo tu, akasema, si saratani. Miaka minne nimejizika mwenyewe kwa mchaniko wa ukubwa wa ukucha mmoja!

Amenipa pakiti za unga wa kuyeyusha kwenye maji. Nyingi hizi siku za kwanza, kisha moja kila siku, kwa miezi. Nisiache nikijisikia nafuu. Akarudia: usiache. Unga hauuzoeshi utumbo uvivu, akasema, hayo ni maneno ya mashangazi. Pia amenipa barua ya kwenda kwa mtaalamu wa misuli ya nyonga.

Shuleni nimesema naumwa. Tumbo, nikasema. Nikakata simu kabla hawajauliza.

Jumamosi, 16 Machi

Tangu jana saa kumi jioni. Mara saba. Sielezi. Nililia, kisha nikacheka peke yangu, kisha nikalia tena. Nimelala saa kumi na moja mfululizo. Nilipoamka suruali ya jeans ilifunga kifungo.

Jumatatu, 18 Machi

Wubbo alinisubiri mlangoni. Ni mtu mrefu, hana sauti kubwa, anapenda kuinamisha kichwa anaposema jambo. "Siruhusiwi kukuuliza unaumwa nini," akasema, "lakini siku mbili tumehangaika kutafuta mtu wa kukushikia darasa." Nikaomba radhi. Akabaki ameinamisha kichwa, ananisubiri nimwambie mwenyewe. Sheria inamkataza kuuliza, haimkatazi kusubiri. Nikasema ilikuwa kirusi.

Picha ya tano, saa kumi na nusu jioni.

Alhamisi, 21 Machi

Unga unafanya kazi kupita kiasi. Leo nimebana mara tatu nikiwa darasani, jasho limenitoka mpaka Pien akaniuliza kama nimenyeshewa. Sitaki tena lile la sweta kiunoni. Nimeruka pakiti ya leo. Na ya jana. Najua alichosema daktari! Daktari hana duara la watoto ishirini na sita.

Jumapili, 24 Machi

Mama ametimiza hamsini na tano. Nimerudi sasa hivi.

Viti vilipangwa duara kama kawaida, vyote vinatazamana, magoti kwa magoti. Unaingia, unazunguka, unampa mkono kila mtu na kumpongeza, hata asiye na siku yake. Hongera kwa dada yako. Hongera kwa mama yako. Hongera kwa jirani yako. Kisha kahawa, kipande kimoja cha keki, na kukaa. Tulikuwa kumi na wawili.

Kahawa ndiyo iliyoniponza. Ilipofika tumboni haja ikaja, ya kweli, baada ya siku nne bila unga. Choo cha Mama kiko ukumbini nyuma ya makoti, ukuta mmoja na sebule. Nikasema nakwenda kuchukua leso. Nikafunga mlango. Mbele ya uso wangu ile kalenda ya siku za kuzaliwa, kama ilivyo chooni kwa kila mtu. Nimeisoma miezi yote kumi na miwili, mara mbili. Baba bado yumo, tarehe 14 Mei, na msalaba mdogo wa marehemu pembeni. Haikutoka. Nikasukuma. Nikafungua bomba ili wasinisikie. Sebuleni maongezi yakapungua, yakapungua, yakaisha.

Kisha sauti ya Mjomba Harm kupitia ukutani: "Mpwa wangu! Umezama? Tukuletee kamba?"

Kicheko. Na mimi nikiwa pale, suruali miguuni, nusu imetoka, nusu imekataa. Nikasukuma kwa nguvu zote nilizojaliwa. Kokoto tatu na damu. Dakika ishirini na tano.

Nilipotoka, Mjomba Harm alisimama. Amevaa lile shati lake la sherehe. Akanyoosha mkono, akaninyanyulia nyusi, akasema, "Hongera!" Kwa sauti kubwa, kwa heshima zote. Mkewe akafuata: "Hongera!" Jirani naye. Mmoja mmoja, duara zima, mkono kwa mkono, na mimi nikawapa mkono! Nimelelewa kupokea pongezi. Mtu wa mwisho alimgeukia Mama: "Na wewe, hongera kwa binti yako." Mama alicheka mpaka akafuta machozi.

Nilimkuta jikoni baadaye, anasuuza vikombe. Nikamwambia, Mama, kwa nini ulicheka?

"Ulitaka nifanye nini, nilie? Harm ni Harm."

"Naumwa, Mama. Natumia dawa. Nilikuwa na damu."

Hakugeuka. Alisuuza kikombe kile kile mara ya tatu. "Mimi ni Jumapili," akasema.

Sikumwelewa.

"Mimi hupata Jumapili. Jumapili asubuhi, saa ambayo baba yako alikuwa kanisani. Tangu nimeolewa. Wiki nyingine haiji, basi nangoja inayofuata. Bibi yako alikuwa hivyo hivyo. Ndivyo tulivyo sisi, Roelien. Hatuna usumbufu."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kuvunja kikombe. Sikufanya hata kimoja. Nimemwambia kuna unga, unayeyusha kwenye maji. Akasema yeye hapendi madawa. Kisha akaniuliza kama nimempongeza mke wa Harm kwa siku ya wifi yake, maana hakuniona nikimpa mkono nilipoingia.

Nimekunywa pakiti mbili. Nina hasira na watu wote waliozaliwa kwenye ile kalenda.

Jumanne, 2 Aprili

Mtaalamu wa nyonga anaitwa Ingeborg. Nilitegemea mtu wa kunong'ona. Ingeborg hanong'oni. Ana nyonga ya plastiki mezani, na anasema mavi kama wengine wanavyosema mkate.

Ameniwekea kifaa kidogo — sawa, sielezi ni wapi — na waya unakwenda kwenye skrini. Mstari wa kijani. Akasema: bana. Mstari ukapanda. Akasema: legeza. Ukashuka kidogo. Akasema: sasa sukuma kama uko chooni. Mstari ukaruka juu kuliko mara ya kwanza!

"Umeona?" akasema. "Unasukuma na kubana kwa wakati mmoja. Unagonga mlango na wewe mwenyewe ndiye umeushikilia."

Nikasema sifanyi makusudi. Akasema anajua. Mwili ukiita, ukaambiwa ngoja, ukaita, ukaambiwa ngoja, miaka na miaka, mwisho huacha kuita, na misuli husahau kulegea. Akaniuliza: nani alikufundisha kungoja? Hapo nikalia kama mtoto wa darasa langu. Hakunishika bega wala nini. Alinisogezea boksi la leso akasubiri, na kwa hilo namshukuru.

Masharti: unga kila siku, bila ujanja. Maji lita moja na nusu. Baada ya kifungua kinywa, nikae dakika kumi, miguu juu ya kistuli, magoti yapite kiuno, nipumue, nisisukume. Na haja ikija yenyewe, mahali popote — unakwenda.

"Nina watoto ishirini na sita."

"Unakwenda."

"Siwezi kuwaacha."

"Unakwenda, Roelien."

Rahisi kusema. Choo chake kiko mita mbili kutoka kitini kwake, na mlango wa mbao nzito.

Jumapili, 7 Aprili

Picha ya nne! Jana na leo! Miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu kistuli sina. Dakika sita. Haikuuma. Nilikaa pale nikashangaa — kumbe watu wengine maisha yao yote ni hivi? Wanaingia, wanatoka, wanaendelea na siku yao? Nilitaka kumwonyesha mtu.

Jumatano, 10 Aprili

Siku za shule ni hadithi nyingine. Nakaa juu ya ndoo saa moja asubuhi, mwili umelala. Unaamka saa tatu na robo, kila siku, saa ile ile, kama mjumbe wa nyumba kumi. Saa tatu na robo niko kwenye duara nahesabu siku za wiki. Jumatatu nilibana. Jana nilibana. Leo nilibana. Baada ya dakika kumi haja inajiondokea, na hairudi mpaka kesho. Nausikia mstari wa kijani ukipanda.

Leo nimepiga moyo konde nikaenda kwa Wubbo. Nimemwambia nina tatizo la kiafya, naomba kila siku saa tatu na robo mtu anishikie darasa dakika kumi. Hata yeye mwenyewe, ofisi yake iko karibu.

Akainamisha kichwa. "Kila siku?"

"Kwa miezi michache."

"Siruhusiwi kuuliza ni nini."

Nikamwambia. Nilisema neno lenyewe, choo, nikiwa nimekaa wima mbele ya meza yake. Uso ukaniwaka moto. Wubbo akatazama dirishani. Akasema anaelewa, na kwamba hata yeye ana mgongo unaomsumbua. Lakini hapa kila mtu hujipanga mwenyewe. Geesje yuko hapa mwaka wa thelathini na hajawahi kuomba jambo kama hilo. Akimfungulia mmoja, kesho watakuja wote. Kisha akafungua shajara yake ya kazi. Tarehe kumi na nane anakuja kukaa darasani kwangu na mama mmoja wa bodi ya shule. Baada ya hapo wataamua.

"Nionyeshe darasa tulivu," akasema, "na mwalimu aliyepo."

Nikamwambia asante. Asante ya nini, sijui.

Jumatatu, 15 Aprili

Hakuna tangu Ijumaa. Unga nakunywa, maji nakunywa, plamu nakula. Nafanya kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Jumatano, 17 Aprili

Siku ya tano. Hakuna, hakuna, hakuna. Tumbo gumu kama meza. Daktari kwenye simu (msaidizi, yaani) amesema niongeze pakiti. Nimeongeza tangu jana.

Geesje amenikuta bandani leo, kwenye baiskeli. Alitazama huku na huku. "Ile siku nilisikia," akasema. "Pole." Nikasema si kitu. Akasema yeye hunywa kikombe kimoja tu hadi saa tisa, nusu asubuhi, nusu mchana. Ndivyo alivyojipanga. Figo zimemsumbua mara mbili, mara ya pili alilazwa, lakini hakuna mzazi aliyejua wala mtoto aliyebaki peke yake. Alilisema kwa fahari. Akanipiga begani. "Utazoea, mwanangu."

Nimeendesha baiskeli hadi nyumbani na hilo neno. Utazoea. Mama amezoea. Bibi alizoea, amekufa amezoea. Geesje ana cheti cha miaka thelathini na figo mbovu.

Kesho somo la chura. Nimeandaa kila kitu: mayai ya chura kwenye mtungi, picha, wimbo. Darasa litakuwa tulivu. Kazi hii naipenda, Mungu anajua. Naipenda na inanijaza mpaka mbavuni.

Alhamisi, 18 Aprili, saa tatu na dakika ishirini na mbili

Naandika hapa hapa, kwa penseli ya rangi ya machungwa, ndiyo niliyoikuta mfukoni. Ingeborg alisema andika saa papo hapo, usingoje jioni. Haya, Ingeborg.

Wubbo na mama wa bodi walikaa nyuma ya duara kwenye viti vya watoto, magoti kidevuni. Mambo yalikwenda vizuri. Vizuri sana! Mtungi wa mayai ulizungushwa mkono kwa mkono na hakuna aliyeuangusha. Mama wa bodi alikuwa anaandika na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Tulifika kwenye kiluwiluwi, na haja ikaja. Si kunong'ona kwa juma lililopita. Siku sita na pakiti za ziada — ilikuja kama mdai.

Nikabana. Nikahisi kabisa jinsi ninavyobana, mahali penyewe, ule mstari. Nikamtazama Wubbo. Akanitabasamia, akanyanyua kidole gumba. Hapo ndipo hasira ikanipanda, na sijui kwa nini ni hapo.

Nikasema: watoto, mwalimu anakwenda chooni. Kila mmoja amweleze jirani yake kiluwiluwi anapotezaje mkia.

Wubbo akasema kwa sauti ya chini, "Sasa hivi?"

Nikasema sasa hivi.

Choo cha walimu kiko ng'ambo ya uwanja. Nisingefika, na nisingewaona watoto. Basi niko kwenye choo cha watoto, hatua tatu kutoka kichongeo cha penseli cha darasa. Vyoo vinne mstari mmoja, urefu wa ndoo, milango nusu, bila komeo. Mbele kuna dirisha la kioo la kuwachungulia watoto. Vichwa vyote ishirini na sita naviona. Na kwa kuwa choo ni kifupi, magoti yangu yamefika kifuani bila kistuli wala ndoo. Mwaka mzima kilikuwa hapa!

Pien ameingia. Alining'inia juu ya mlango wangu, akanikagua.

"Mwalimu, unakunya?"

"Ndiyo, Pien."

"Ni kubwa?"

"Nafikiri ni kubwa."

Akafikiri. "Mimi jana nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi," akasema, akakaa choo cha pili, akakojoa, akaimba kidogo, akanawa mikono vizuri kama nilivyomfundisha. Kisha akafungua mlango wa darasa na kutangaza: "Mwalimu anakunya! Ni kubwa! Bado hajamaliza!"

Darasa limelipuka. Kuna mtu mzima amekohoa. Sijui ni nani. Uso wangu unawaka, masikio yanawaka. Napumua. Sisukumi. Napumua.

Kitu kinasogea. Polepole, lakini kinasogea.

Viatu vya Wubbo viko chini ya mlango. Vimesimama muda sasa. Anaona nywele zangu, bila shaka, mlango ni nusu.

"Roelien," amesema, "mama wa bodi anatazama saa. Unatoka?"

Nimemwambia bado.

Viatu havijaondoka. Wala mimi sijabana.